Tulimpongeza kwa Kukonda

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri jambo ambalo mwandishi wa habari hapendi kulikiri. Nilitumwa uwanjani kuandika habari za watu wengine, nikarudi nyumbani nikiwa habari mwenyewe.

Ilikuwa siku ya upimaji wa bure katika mojawapo ya kata za Ubungo. Wauguzi walikuwa wamepanga meza zao chini ya turubai, na watu walijaa tangu asubuhi, wengi wao wakiwa wamekuja kutazama kuliko kupimwa. Mpiga picha wetu alitaka picha ya mtu anayepimwa shinikizo la damu, lakini kila aliyeombwa alikataa. Huyu alisema hakuvaa vizuri, yule alihofu ataonekana gazetini kama mgonjwa. Ili kazi isilale, nikakaa mimi kitini, nikakunja mkono wa gauni, nikaitazama kamera kwa tabasamu. Picha ikapigwa. Muuguzi alitazama kipimo, akanyamaza, akaniambia nipumzike dakika tano bila kusema neno. Akapima tena. Halafu akaandika katika kikaratasi 168 juu ya 104, akakikunja kama mtu akunjavyo noti anayompa mtoto, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, una watoto?"

Ninao wawili. Mdogo wakati ule alikuwa na miaka mitatu.

Yapo maneno ambayo mganga anaweza kumwambia mtu yakamtisha, lakini swali lile la upole lilinitisha kuliko maneno yote. Nilijua maana ya tarakimu zile. Nimekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huuhuu kwamba shinikizo la mtu mzima likifika 140 juu ya 90, na likabaki hapo kila lipimwapo, huyo ana ugonjwa. Nilijua pia kwamba mama yangu mzazi alianguka jikoni kwake akiwa na miaka 57, upande mmoja wa mwili ukafa, akaishi miezi saba akinitazama bila kuweza kulitaja jina langu. Watu walisema amerogwa. Hakuna aliyekuwa amempima hata siku moja.

Mimi nilikuwa na miaka 34, na nilijiona mzima wa afya. Sikuwa mlafi, hili naomba lieleweke. Wengi wetu tunapotajiwa ulaji mbaya humfikiria mtu aliyekaa mbele ya sinia la nyama choma na bia kumi. Ulaji wangu ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Asubuhi chapati mbili na chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa mama ntilie aliye njia panda yetu, nikila nusu nimesimama ili niwahi basi la mwendokasi. Mchana wali kwa mchuzi wa nyama, na soda moja baridi ya kuufukuza usingizi. Jioni habari zikichelewa, na hazikosi kuchelewa, chipsi na mayai kwenye karatasi, zimenyunyiziwa chumvi mpaka vidole vinawasha. Kati ya hapo nilikaa kitini saa tisa au kumi. Kola ya chupa ya mililita 350 ina sukari ipatayo vijiko tisa vya chai. Nimeyaandika hayo pia. Ajabu ya kazi yetu ni kwamba mtu aweza kuyaandika mambo kwa ufasaha huku ameishika chupa mkononi.

Wala sikuwa peke yangu. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba takribani robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kama tisa katika kila mia sukari yao ilikuwa imezidi. Fikiria mstari wa watu wanaongoja basi pale Ubungo saa moja asubuhi. Hesabu wanne, mmoja wao yumo. Aghalabu mwenyewe hajui.

Nilianza vidonge, na wakati huohuo nikaapa kubadili mwenendo. Nilinunua kamba ya kuruka. Siku ya kwanza niliruka uani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna nyoka. Siku ya nne mvua ilinyesha. Siku ya tano nilikuwa na safari ya kikazi. Baada ya hapo kamba ile ilipata kazi ya kuanikia nguo za mtoto, na mpaka leo inaifanya vizuri. Nikajaribu kuacha sukari; nikadumu siku kumi na moja. Nikajaribu kubeba chakula kutoka nyumbani. Kikachacha ofisini kwa kusahauliwa. Nilikuwa mshitakiwa na hakimu kwa wakati mmoja, na hakimu huyo alikuwa na huruma kupita kiasi.

Sasa nikueleze habari za kikoba chetu. Tuko wanawake ishirini na wawili, wakazi wa upande wa Msewe, na hukutana kila Jumapili alasiri kuweka hisa na kukopeshana. Katika hao ishirini na wawili tulikuwamo wanne tuliozoea kubaki baada ya mkutano. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu na ambaye hajapata kutoa maoni kwa sauti ya chini. Wa pili ni fundi cherehani, mwenye kibanda kando ya barabara, mama wa watoto wanne. Wa tatu ndiye yule mama ntilie wa njia panda, mzaliwa wa Rufiji. Wa nne ni mimi, wanayeniita Mwandishi, mara nyingine kwa heshima na mara nyingine kwa kejeli.

Jumapili moja Mwalimu aliniona namimina soda, akakumbuka kile kikaratasi cha muuguzi nilichomwonyesha.

"Mwandishi, hivyo ndivyo ulivyoagizwa?"

Nikajitetea kwamba mazoezi yanataka muda na chakula bora kinataka fedha. Fundi akaniunga mkono. Akasema, "Mwalimu, mambo hayo ni ya watu wa Masaki. Mimi nikiacha cherehani saa moja, nimeacha ada ya mtoto." Mwalimu hakujibu. Aliuliza tu, nani kati yetu anaweza kupanda mlima wa Msewe mpaka Chuo Kikuu bila kusimama. Hakuna aliyenyoosha mkono, naye mwenyewe hakunyoosha.

Jioni ile nilimpigia simu bibi yangu kijijini kumjulia hali, nikamsimulia kwa kumchekesha. Hakucheka. Alinikumbusha mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya.  Kijiji kilikuwa na redio chache, basi watu waligawanywa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakakutana mara moja kila wiki kwa muda wa wiki kumi na mbili. Nchi nzima watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana habari za malaria, za kichocho, za kuhara. Lakini bibi alisema kipindi chenyewe hakikuwa kitu. "Kitu kilikuwa baada ya redio kuzimwa. Hamkuruhusiwa kuondoka mpaka mkubaliane mtafanya nini kabla ya kukutana tena. Na wiki ijayo mtu alikuuliza." Hivyo ndivyo choo cha nyumba yao kilivyochimbwa. Babu alikuwa amekisikia choo hicho kikitajwa na mabwana afya miaka mingi bila kushika jembe. Alipoulizwa mbele ya wenzake mara mbili, mara ya tatu alichimba.

Miaka miwili baadaye, 1975, ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Wataalamu wameandika mengi juu ya mafunzo yale. Mimi nimeridhika na maelezo ya bibi: wiki ijayo mtu alikuuliza.

Nilipeleka maneno hayo kikobani. Mwalimu aliyapenda kana kwamba ameyatunga yeye. Tukakubaliana, wanne sisi, kwamba Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi tutakutana njia panda saa kumi na moja na robo alfajiri, tutapanda mlima, tutageuka, tutarudi. Mama ntilie alisema yeye huamka saa tisa usiku kukanda unga, na saa hiyo atakuwa amekwisha kufanya kazi ya kutosha. Lakini atamwachia binti yake jiko kwa dakika arobaini. Faini ya kutofika ni shilingi mia tano. Faini hiyo ilikufa mapema, nami naieleza ili mwingine asirudie kosa. Asiyefika kwa sababu mtoto anaumwa alilipa, akakasirika. Na mwenye fedha alilipa na kulala. Tukaifuta. Badala yake asiyefika alipitiwa mlangoni na wote watatu, wakisalimu kwa sauti. Hiyo ilitosha.

Nikwambie ukweli, wiki ya kwanza tulitembea kama ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Mlima ule ukiupanda kwa gari hauuoni. Ukiupanda kwa miguu unakuhesabu. Fundi alishika kiuno, mimi nilishika ukuta wa watu. Mwalimu, aliyekuwa akihema kuliko wote, alitutajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni kule Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, jua limekwisha kuzama. Baadaye alitutajia pia Mwalimu mwenzake, yaani Julius Nyerere, ambaye Oktoba 1967 alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilometa 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mama ntilie akauliza njiani walikula nini. Swali zuri, ambalo Mwalimu hakuwa na jibu lake.

Vijana wa bodaboda walitufurahia sana. "Mama zetu, mnakimbia marejesho?" Tuliwajibu kwamba ndiyo, na wenye mikopo wako nyuma, wajihadhari nao. Mbwa walitusumbua zaidi kuliko watu. Tulibeba kurunzi na fimbo moja, na hatukupita njia ya vichakani. Mwanamke mmoja alfajiri barabarani ni mashaka. Wanawake wanne ni msafara. Hata waume zetu, waliokuwa wameuliza maswali mengi yasiyosemwa kwa maneno, walitulia walipoona tunarudi wanne kama tulivyoondoka.

Najua katika jiji hili vipo vikundi vikubwa vya mbio, Temeke, Kinondoni, Ilala, vyenye fulana za rangi moja na nyimbo za mchakamchaka, vinavyofunga barabara kila Jumapili asubuhi. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Navisifu vikundi hivyo, ingawa nimekwisha kuvishuhudia vingine vikimaliza mbio na kuishia kwenye supu ya makongoro na chapati tatu kwa kila mkimbiaji, soda juu yake. Sisi hatukuwa na fulana. Tulikuwa na kanga na raba za mitumba. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Dakika zetu arobaini kwa siku nne zilifika 160. Mwalimu alizipiga hesabu hizo na kutusomea kama matokeo ya mtihani.

Tulipofika kwenye chakula, ndipo urafiki ulipopata joto.

Mimi ndiye niliyesema, katika kushuka mlima siku moja, kwamba itabidi tuache chapati za asubuhi. Nilisema kwa wepesi. Mama ntilie alisimama katikati ya njia.

"Mwandishi, chapati hizo unazosema ziachwe, ni za nani?"

Ni zake. Mimi peke yangu nilikuwa namwachia zaidi ya shilingi elfu kumi kila wiki. Fundi na wasichana wake wawili wa kibandani walikula kwake kila siku. Kikoba chetu kizima kilikuwa kinampa riziki, na mkopo wake wa sufuria kubwa aliurejesha kwa fedha hizohizo tulizokuwa tukimlipa. Nilikuwa nimeandika makala ngapi juu ya mafuta na sukari bila kumfikiria hata siku moja mtu anayekaa upande wa pili wa kikaango? Tulirudi kimya asubuhi ile. Jumatano hakuja, nasi hatukuthubutu kumpitia mlangoni.

Aliyerudisha mazungumzo ni yeye mwenyewe. Jumapili, mbele ya wote, alisema hawezi kuwalazimisha rafiki zake kula kitakachowaua, lakini wao nao wasimwombe avunje jiko. Tuseme tunataka kula nini, na tuape kwamba kikipikwa tutakila. Tukasema: viazi vitamu na magimbi ya kuchemsha, ndizi mbichi za kupikwa kwa nyanya na kitunguu, maharage yasiyo na mafuta ya kuelea, matembele, mchicha, kisamvu, dagaa, tunda moja. Chumvi iwe kidogo, kwa kuwa kipimo kinachoshauriwa ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani isizidi kijiko kimoja cha chai kwa yote uliyoyala tangu asubuhi. Ugali uwe wa dona mara kwa mara. Hapo Mwalimu aliingilia, na alikuwa na haki: dona ni bora kwa sababu haliondolewi ganda wala kiini, lakini mahindi yaliyovunda ni sumu. Sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Basi mama ntilie akasema mahindi atayachagua mwenyewe, hatanunua unga wa mtu asiyemjua.

Alikwenda Mabibo, kwenye soko la Mahakama ya Ndizi, akanunua mkungu mzima. Wiki ya kwanza alipata hasara. Wateja wake wengine, vijana wa ujenzi na wa bodaboda, walivitazama viazi kama adhabu. Tulinunua vilivyobaki, tukavila usiku na watoto wetu, watoto wakanuna. Lakini hakuacha. Alijifunza kuvipika asubuhi vichache, na kuweka mihogo ya kuchemsha kwa kachumbari yenye pilipili na ndimu, na hiyo vijana waliipenda kwa sababu ni nafuu na inashika tumbo mpaka saa nane. Chapati hakuziacha wala hatukumtaka aziache. Nusu ya kikaango ilibaki kikaango.

Juu ya sukari tulishindwa vizuri. Tulimshauri asiitie ndani ya birika, bali aiweke mezani katika bakuli ili kila mtu ajipimie kwa dhamiri yake. Siku ya kwanza bakuli lilikwisha kabla ya saa mbili. Mtu akipewa kijiko bure, dhamiri hukaa pembeni. Siku ya pili aliliondoa, akawa anasimama na kijiko mwenyewe na kuuliza, "Vingapi?" Ikatokea kwamba mtu akiulizwa na mama mtu mzima mbele ya watu, huona haya kusema vinne. Wengi walisema viwili. Akaokoa sukari, na wao wakaokoka kidogo bila kujua.

Hivyo miezi mitatu ikapita, nami nilijivuna. Nilipungua kilo nne. Mwalimu alipungua mbili na kusema mizani ya zahanati ni mbovu. Mama ntilie hakupungua chochote, ila magoti yaliacha kumuuma. Lakini shujaa wetu alikuwa Fundi. Fundi alipungua kilo tisa. Magauni yake mwenyewe aliyashona upya mara mbili. Tulimpongeza kila Jumapili; tulimpigia makofi kikobani; Mwalimu alimsimamisha awe mfano kwa wengine. Alikuwa akinywa maji mengi, chupa nzima tukiwa bado njiani, tukasema tazameni, huyu ndiye anayefuata maagizo. Mara mbili tatu alijificha nyuma ya ukuta kujisaidia kabla hatujafika juu, tukacheka naye. Naikumbuka hata kauli yangu mwenyewe: "Fundi ametushinda, sisi tunatembea, yeye anayeyuka."

Ndugu msomaji, unayajua maneno ya mitaani kwetu mtu anapokonda. Unene kwetu ni neema, na wembamba wa ghafla huulizwa maswali. "Umepungua, unaumwa?" Wateja wa Fundi walianza kunong'ona. Wifi yake alikuja kutoka Mbagala kumtazama macho. Walidhani wanaujua ugonjwa wenyewe, ule ambao watu hawautaji kwa jina, ingawa siku hizi una dawa na mwenye kuzitumia huishi miaka mingi. Fundi alipoulizwa alijibu kwa fahari kwamba ni mazoezi. Sisi watatu tukawa mashahidi wake. Tulimlinda na maneno ya watu, na kwa kumlinda tukamfungia mlango wa zahanati. Angekwendaje kupimwa, wakati kwenda kupimwa kungekuwa kuwathibitishia wanaonong'ona?

Aliyeona ni mama ntilie. Alikuwa na kaka yake Rufiji aliyekufa na kisukari. Ijumaa moja Fundi alichelewa njia panda, akafika akiyumba, midomo imekauka, akasema sindano haioni tena uzi wake, kila kitu kina ukungu. Mimi nilianza kumwambia apumzike leo. Mama ntilie alimsogelea, akamnusa pumzi kama mtu anusavyo maziwa, akageuka kwetu.

"Huyu hakukonda kwa mlima. Huyu anaumwa, na sisi tunampigia makofi."

Hatukupanda siku ile. Tulimwita kijana mmoja wa wale waliokuwa wakitutania, akaacha utani wake, akaita bajaji ya mwenzake. Zahanati walipochoma kidole, sukari ilisoma 24. Kwa mtu mwenye dalili kama zile, 11.1 hutosha kumtangaza mgonjwa. Walimpeleka hospitali siku hiyohiyo, akalazwa siku tano, akachomwa insulini. Daktari alituambia mwili wake ulikuwa umeshindwa kuitumia sukari ukaanza kula mafuta na nyama zake wenyewe. Kilo zile tisa tulizozishangilia ndizo hizo. Kiu, mkojo wa kila mara, macho yenye ukungu, kukonda huku mtu anakula vizuri: dalili nne zimesimama mstari mmoja mbele ya mwalimu, mwandishi wa makala za afya, na mama aliyemzika ndugu, na kwa majuma mengi hakuna aliyezihesabu. Mwalimu, ambaye nimesema hajui kusema kwa sauti ya chini, alikaa katika benchi la hospitali akalia bila sauti.

Mumewe Fundi alitulaumu, tena mbele ya wifi. Alisema kutembea kwetu ndiko kumemletea ugonjwa. Si kweli, kisukari hakiletwi na kutembea, na huenda kutembea kulimsaidia kustahimili kwa muda. Lakini sikumjibu. Palikuwa na sehemu ya lawama iliyokuwa yetu, ila si ile aliyoitaja yeye, na mtu aliyekesha kwenye korido siku tano hastahili kusahihishwa lugha.

Kwa majuma sita tulitembea watatu. Hatukuwa na maneno mengi. Kisha Mwalimu akaleta shauri ambalo kama angelileta mwanzoni, nisingekuwa na makala hii: wote wanne twende zahanati, pamoja, kila baada ya miezi mitatu, tupimwe shinikizo, sukari na uzito, na kila mmoja asome namba zake mbele ya wenzake. Mama ntilie alikubali, kwa sharti kwamba aliyepungua sana na aliyeongezeka sana waulizwe swali lilelile. Siku ya kwanza ya kupimwa ikagundulika kwamba Mwalimu naye ana shinikizo, 152 juu ya 94, baada ya kunisema mimi mwaka mzima. Sikumcheka. Yaani, nilimcheka kidogo.

Fundi alirudi njia panda Jumamosi moja mwezi wa saba, kuna ubaridi, amejifunga kanga mbili. Anatumia vidonge sasa, na mfukoni hubeba peremende, kwa kuwa mwenye kutumia dawa hizo sukari huweza kumshuka akiwa njiani, na hapo ndipo utamu huwa dawa. Ameongezeka kilo tano. Hakuna aliyepiga makofi, lakini mama ntilie alimkagua mashavu kwa vidole viwili kama anayechagua embe, akasema hewala. Tulipanda polepole. Nusu ya mlima Fundi alitaka kusimama, tukasimama wote, Mwalimu akajifanya anafunga kamba za viatu vyake, ambavyo havina kamba.

Shinikizo langu juma lililopita lilikuwa 136 juu ya 86, vidonge vikiwamo. Muuguzi, ambaye ni yuleyule wa siku ya turubai, aliniambia nisithubutu kuviacha kwa sababu ya namba nzuri, maana namba ni nzuri kwa sababu yake vidonge, mlima na viazi. Chumvi ninaitamani bado. Chipsi nimekula mara mbili mwezi huu, na nimewaambia wenzangu.

Gauni nililolivaa siku ile ya kupigwa picha lilikuwa limenipwaya, nikalipeleka kwa Fundi alipunguze kiunoni. Alilipima, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mafundi wanavyotazama, akaniuliza ninakunywa maji kiasi gani na naamka mara ngapi usiku. Nikamjibu yote. Aliporidhika ndipo akashika mkasi. Alipunguza inchi mbili, akanilipisha bei kamili.